Nyoka Kwenye Magunia

Mwezi wa Julai huku Mbozi na Tunduma ni baridi, na ndio wakati wa magunia. Mahindi yamepukuchuliwa, yamepangwa ghalani. Pembeni kuna majembe, madebe matupu na turubai kuukuu. Mama anainua gunia apeleke mashineni. Chini yake amelala nyoka mnene, rangi yake kama majani makavu. Huyo ni kifutu, wengine humwita moma. Afanye nini?

Kwanza tujue amefuata nini. Hakutumwa na mtu (najua wapo watakaobisha). Nyoka amefuata panya, na panya wamefuata mahindi. Panya jike wa shambani huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Tena kati ya magunia kuna giza na hakuna upepo.

Ubaya wa kifutu ni kwamba hakimbii ovyo. Hutulia tuli, akitegemea rangi yake imfiche. Ukimkanyaga au ukimsogelea sana, huuma kabla hujarudisha mkono. Kwa hiyo fimbo si dawa. Wengine humwaga mafuta ya taa wakawasha moto. Jamani, mahindi ya mwaka mzima!

Rudi nyuma taratibu. Watoto watoke. Mtu mzima mmoja abaki mlangoni akimwangalia kwa mbali, maana nyoka aliyepotea ghalani ni hatari kuliko anayeonekana. Mwingine aende kwa mtendaji wa kijiji, ili apigiwe simu afisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee bado humwita Bwana Nyama. Kumkamata na kumrudisha porini ni kazi ya watu waliofundishwa.

Je, kama afisa yuko mbali? Mpe nyoka njia. Jioni acha mlango wazi, funga kuku na watoto walale nyumba nyingine. Nyunyiza majivu kizingitini, kisha ondoka. Kifutu hutembea usiku, tena mara nyingi hujivuta akiwa amenyooka kama kiwavi. Asubuhi ukikuta mfuo mnene ulionyooka ukielekea nje, ameondoka. Hakuna mfuo? Basi bado yumo, usiingie. Hata ukiuona mfuo, siku hiyo sogeza vitu kwa mpini mrefu, ukiwa na viatu na tochi.

Akiuma mtu, sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Mvue pete na bangili upesi, kabla ya uvimbe. Mlaze, asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Kamba huzuia damu, na mguu unaweza kukatwa kwa sababu hiyo. Jiwe jeusi nalo halivuti sumu, hata kama babu alilitumia. Mbebeni hadi hospitali. Kwa pikipiki, mmoja akae nyuma amshike. Dawa ya kupambana na sumu hutolewa huko. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Sisi wa vijijini hatukuwa tumeyasahau.

Ghala likishakuwa salama, fagia punje zote na ziba matundu ya panya. Panga magunia juu ya chanja, mbali kidogo na ukuta, ili mtu aweze kumulika tochi chini na nyuma kabla ya kuingiza mkono.