Kumfunza Mbwa Adabu, Nyumbani na Safarini
Wakazi wa Kingolwira wafugao mbwa wanakumbushwa kwamba mnyama hufunzika kwa tuzo kuliko kwa fimbo. Ushahidi upo jirani: tangu mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, panya akipatia, husikia mlio mfupi na kupewa chakula papo hapo. Mbwa naye afunzwe hivyo tangu udogoni, kwa amri fupi zisizobadilika. Safarini afungwe mnyororo, naye awe amekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa. Atakayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo hauna tiba.