Mshumaa wa Glasi: Utambi Hunyooshwa Kutoka Chini, Si Juu

Stima ilipotea baada ya Isha, kama ilivyo ada mtaani kwetu mvua inapoanza. Mamangu alikuwa ameshawasha mshumaa wa glasi wa harufu ya asumini, uliotengenezwa na mdogo wangu wa kike, akauweka juu ya kimeza kando ya kitanda. Ulikuwa usiku wake wa nne kuwaka na nta ilikuwa imebaki chini ya nusu. Baada ya kama saa moja tukasikia "tak!" Glasi ilikuwa imepasuka ubavuni, ufa umepanda kutoka kwenye kitako, na nta ya moto inatiririka mezani kuelekea ukingo ambako shuka ilikuwa imening'inia. Alhamdulillahi, hakuna aliyeungua.

Juma hilo hilo mteja wake wa Diani, mwenye nyumba za wageni, alimrudishia glasi tisa kati ya arubaini alizokuwa amenunua. Nyingine zimepasuka, nyingine zimeshika masizi meusi upande mmoja na upande wa pili zimebaki na ukuta wa nta usioyeyuka. Kwa bei ya shilingi mia nne kila moja, hesabu unaiweza mwenyewe. Mdogo wangu alikaa kimya siku nzima, kisha akaniambia, "Kaka, mimi kazi hii naiacha. Narudi kwenye kachiri."

Ninaandika haya kwa sababu najua wako kina dada na kina mama wengi hapa Pwani walioingia katika biashara hii ya mishumaa ya glasi, wanauza kwenye harusi, kwenye hoteli na wakati wa Idi, na wengi wamejifunza kwa kutazama video tu. Kosa lililomkuta mdogo wangu huenda linawangoja wao pia, na dawa yake haifiki hata shilingi hamsini.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Nikisema utambi, nazungumzia ule uzi wa pamba unaowaka. Zikiwa nyingi ni tambi, na nawaomba mliofunga mniwie radhi, si zile za sukari na iliki.

Utambi wenyewe si kuni ya mshumaa. Kinachowaka ni nta. Joto la moto huiyeyusha, ikapanda ndani ya utambi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye koroboi, ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Kwa hivyo popote utambi ulipo ndipo jiko lilipo. Ukiwa katikati, dimbwi la nta iliyoyeyuka hupanuka sawasawa hadi kugusa glasi pande zote. Ukienda kombo, upande mmoja wa glasi unapikwa na mwingine umelala baridi.

Na glasi haipendi hivyo. Nyanya zetu walijua: kabla ya kumimina chai inayochemka kwenye bilauri, walitia kijiko ndani kwanza kipokee joto. Glasi husafirisha joto polepole sana. Sehemu iliyopata moto inataka kutanuka, jirani yake bado haijapata habari, wanavutana, na mwisho ni ufa.

Nilikagua zile glasi tisa moja moja. Kilichonishangaza ni kwamba kwa juu, kwenye zile ambazo hazijawaka sana, utambi ulikuwa katikati kabisa. Ungepima kwa rula usingeona kasoro. Nikachukua moja, nikaipasha kwenye maji ya moto hadi bonge la nta likachomoka zima, nikaligeuza. Kile kibati cha duara kinachoshika utambi kwa chini kilikuwa kimekaa pembeni. Glasi zake zina upana wa sentimita 7 ndani, kwa hivyo utambi unapaswa kuwa sentimita 3 na nusu kutoka kila upande. Kibati kile kilikuwa sentimita 2 tu kutoka ukutani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mshumaa wa mama uliwaka vyema siku tatu ukapasuka ya nne. Mdogo wangu alikuwa akigundisha kibati kwa kukadiria kwa macho, mkono ndani ya glasi, kisha akimaliza kumwaga nta anauvuta utambi juu hadi katikati na kuubana kwa kibanio cha nguo. Utambi ulisimama mshazari ndani ya nta bila mtu kuuona. Kila moto ulivyoshuka ulisogea karibu na glasi kidogo kidogo. Mnunuzi akiangalia dukani anaona juu, na juu kunamdanganya.

Nina diploma ya uhandisi wa mitambo niliyoipata miaka mingi iliyopita na ambayo haijawahi kunilisha. Kalamu ndiyo inayonilisha. Lakini siku ile ilinifaa. Tulihitaji kifaa cha kushika kibati katikati ya glasi kule chini, mahali ambapo jicho halifiki vizuri na vidole havienei. Tulikitengeneza barazani kwa kalamu ya wino iliyokwisha na kifuniko cha kopo la aiskrimu.

Kalamu iwe ile ya kawaida ya plastiki iliyonyooka. Toa mrija wa wino na kile kizibo cha nyuma, ubaki na bomba tupu. Hili ndilo litakaloupokea utambi.

Kisha kata duara kwenye kile kifuniko. Usikate kwa kufuata kitako cha glasi kwa nje, maana unene wa glasi utakupoteza. Anza na karatasi: kata duara, litumbukize ndani ya glasi, ulipunguze kwa mkasi hadi likae kama sentimita moja juu ya sakafu ya glasi bila kucheza. Likunje mara mbili liwe robo. Ncha ya mkunjo ndiyo kitovu chake. Lilaze juu ya plastiki, chora, tia alama ya kitovu, ukate. Usiogope kuacha nafasi kidogo ili liingie na kutoka. Duara likiwa dogo kuliko glasi kwa milimita 4, kibati hakitapotea zaidi ya milimita 2, na hizo haziwezi kuleta madhara.

Ikiwa umeshakata plastiki na alama imefutika, ipo njia ambayo mwalimu wetu wa michoro alitufundisha. Chukua kona ya daftari, iweke ncha yake iguse ukingo wa duara kwa ndani. Pande mbili za daftari zitaukata ukingo mahali pawili. Unganisha alama hizo kwa mstari, na mstari huo lazima upite kitovuni. Geuza daftari, fanya tena. Mistari inapokatana ndipo katikati. Haijawahi kukosea, na haihitaji bikari.

Toboa kitovu kwa msumari uliopashwa moto, ukiushika kwa koleo, kisha panua tundu polepole hadi bomba la kalamu lipite kwa kubana. Lipitishe hadi litokeze kama sentimita moja chini ya duara, uligundishe.

Kifaa chetu cha kwanza kiliishia hapo na hakikufaa. Bomba lilikuwa linalala, huku duara limekaa sawa. Tukaongeza duara la pili, sentimita 4 juu ya la kwanza, kama magurudumu mawili kwenye ekseli moja. Glasi zinazopanuka kwenda juu zinataka duara la pili liwe kubwa kidogo. Lipime kwa karatasi vile vile. Baada ya hapo bomba halikuwa na pa kwenda. Mdogo wangu amekibandika jina "kadhi", ati kwa sababu hakipendelei upande.

Kukitumia ni kazi ya dakika moja. Osha glasi na uikaushe vizuri, gundi haishiki kwenye unyevu wala mafuta. Pitisha utambi ndani ya bomba kutokea chini hadi kibati kiguse mdomo wa kalamu, uuvute kwa juu usilegee. Tia tone la gundi ya moto chini ya kibati, teremsha kifaa chote ndani ya glasi, ukandamize, uhesabu hadi ishirini. Kisha achia utambi na ukichomoe kikiwa kimenyooka. Glasi nyingi za chai zina kitako kilichobinuka katikati kama mgongo wa kobe; hizo ziongeze gundi kidogo, la sivyo kibati kitateleza nta ya moto itakapofika.

Sasa ndipo tunapokuja juu. Kibanio cha nguo si kibaya, ila ni kizito na huvuta upande mmoja. Sisi tunatumia chelewa mbili za ufagio mpya, zimefungwa kwa uzi kwenye ncha zote mbili, utambi unapita kati yake zinaubana. Zilaze juu ya mdomo wa glasi, pima kwa rula upande huu na ule. Utambi unyooke bila kukazwa sana, maana ukiukaza unaweza kukibandua kibati ulichohangaika nacho.

Mwaga nta polepole, kando ya utambi, si juu yake. Usiziondoe chelewa hadi asubuhi. Nta hunywea inapopoa na kuuvuta utambi pamoja nayo, na kwa joto letu la Mombasa inachukua muda kuwa ngumu hata katikati. Usiiweke mbele ya feni ili ipoe haraka. Upande mmoja utaganda kabla ya mwingine, na utarudi pale pale.

Katika kila mkupuo, washa mmoja wa kujaribu hadi chini kabisa kabla ya kuuza waliobaki. Najua inauma kuchoma shilingi mia nne. Na mteja mwandikie kikaratasi: akate utambi ubaki nusu sentimita kabla ya kuwasha, asiuache uwake zaidi ya saa nne mfululizo, auzime ikibaki sentimita moja ya nta, na asilale ukiwaka. Hilo la mwisho si letu peke yetu. Mtume (SAW) alituhimiza tuzime taa tunapolala, akataja hata panya anavyoweza kuuburura utambi akaichoma nyumba na watu wake.

Mteja wa Diani alikubali kupewa glasi tisa mpya badala ya zile, na mwezi uliofuata akaagiza thelathini. Sijasikia ufa tena. Mama lakini amerudi kwenye tochi yake, na hatumlaumu.

Bado hatujaelewana juu ya vifuu. Wageni wanavipenda mno, mshumaa ndani ya kifuu cha nazi, na faida yake ni nzuri kwa kuwa kifuu ni cha bure. Lakini hakuna vifuu viwili vilivyo sawa, kadhi haingii humo, na kila aliyepikia vifuu anajua vinavyoshika moto. Glasi ikikosewa hupasuka. Kifuu kikikosewa kinawaka chenyewe. Nilimwambia aviache. Akaniambia atavifanyia utafiti. Juzi nilimkuta uani amevipanga sita juu ya sinia ya mchanga, vyote vinawaka, daftari mkononi na ndoo ya maji kando.