Upatanisho wa nomino za jamii

Nomino ya jamii, kama vile familia, kamati au kundi, hutaja wengi kwa umoja. Katika Kiswahili sanifu, kitenzi hupatana na ngeli ya nomino hiyo, si na watu waliomo: “Kundi la wakimbizi limewasili Kibondo”, “Kamati imeamua.” Kiingereza cha Uingereza huruhusu pia wingi: “The family have registered.” Mfasiri asiandike “Familia wamejiandikisha.” Akikusudia kila mmoja, atumie “Wanafamilia wamejiandikisha.” Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, tofauti hiyo si ndogo: “Familia imejiandikisha” hutaja kaya moja bila kuonyesha waliomo, ilhali mgawo wa chakula hufuata idadi ya watu.