Kuchunguza Maji ya Visima vya Pwani

Watu wengi hudhani kwamba kisima kikishapimwa mara moja na maji yake yakaonekana mazuri, kazi imekwisha. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, ambako visima virefu vingi vilichimbwa kufuatia ukame wa mwaka 1997, dhana hiyo ni ya hatari.

Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwani lita moja ya maji matamu ina gramu 1,000 na ya bahari gramu 1,025 hivi. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari husawazishwa na mita 40 hivi zilizo chini yake. Basi pampu zikishusha kimo hicho kwa mita 1, hatimaye maji ya chumvi yaweza kupanda mita 40.

Ulimi hautuonyi mapema. Ladha ya chumvi huanza kutambulika kloridi ifikiapo miligramu 250 hivi kwa lita. Kisima kilichotoka miligramu 50 hadi 100, kisha 150, kimekwisha kutoa onyo, ilhali wanywaji bado wanakisifu.

Kwa sababu hiyo mpimaji hurudi kisima kilekile mara kwa mara. Hupima kina cha maji kabla pampu haijawashwa, kiasi cha kloridi, na uwezo wa maji kupitisha umeme. Kisha huandika vipimo pamoja na tarehe. Badiliko likigunduliwa mapema, uvutaji wa maji hupunguzwa. Likichelewa, kisima chaweza kubaki na chumvi miaka mingi. Shule yenye kisima yafaa ianze daftari lake sasa.