Sura ya Sita: Kalamu ya Wiki, Mtungi na Barafu ya Mwaloni

Mtu anayepewa kalamu ya sindano ya wiki kwa mara ya kwanza, iwe ameandikiwa kliniki ya kisukari au ameletewa na ndugu aliyetoka nje, huja na maswali mawili. Itauma? Na sina friji, nifanyeje? Swali la tatu haulizi, nalo ndilo lenye uzito: nikishaichoma, inakaa mwilini muda gani? Tuanze na hilo.

Utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1 kila tunapokula. Huisukuma kongosho itoe insulini na hulizuia tumbo lisishushe chakula kwa pupa. Tatizo lake ni kwamba huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi, na dawa ya dakika mbili haina faida kwa mtu. Mwaka 1992 daktari John Eng wa Bronx, New York, alichunguza mate ya mjusi mmoja mwenye sumu wa majangwa ya Marekani akakuta homoni inayofanya kazi kama hiyo lakini haivunjiki upesi. Humo ndimo ilimotoka dawa ya kwanza ya kundi hili, mwaka 2005, ya kuchoma mara mbili kwa siku. Semaglutaidi, dawa ya kalamu ya wiki iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, imekwenda mbali zaidi. Imeungwa mkia wa mafuta unaoidandisha kwenye protini ya damu iitwayo albumini kama kondakta anayedandia mlango wa daladala, ikazunguka nayo mwili mzima bila figo kuichuja haraka. Nusu ya dozi uliyochoma Jumapili hii bado iko damuni Jumapili ijayo.

Sasa piga hesabu. Jumapili ya kwanza una dozi moja. Ya pili una moja na nusu. Ya tatu, moja na robo tatu. Kufikia wiki ya tano unakaribia dozi mbili, na hapo ndipo kiwango hutulia. Kwa hiyo yule anayesema "nimechoma wiki mbili, sukari haishuki, naongeza" anaongeza juu ya kitu ambacho bado kinapanda chenyewe. Miligramu 0.25 za wiki nne za mwanzo hazikuwekwa ili zishushe sukari. Zimewekwa ili tumbo lizoee. Ukiruka hatua hiyo utatapika, na kidonge cha kuitoa dawa mwilini hakipo. Utasubiri wiki kadhaa ijitoe yenyewe, huku ukipoteza maji na figo zikiumia.

Kutapika huko kuna balaa lake la Kanda ya Ziwa. Kichefuchefu, kuharisha na uchovu siku mbili baada ya kupandisha dozi: mgonjwa anakwenda zahanati, anapimwa kwa kipimo kile kile cha damu kinachompa kila mtu taifodi, anarudi nyumbani na antibiotiki. Kinyume chake pia hutokea. Mtu ana homa, anasema "ni sindano yangu tu," kumbe ni malaria. Homa haitokani na dawa hii. Ukipata homa, pima malaria, na mwambie aliyekupima kwamba unachoma sindano ya wiki. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni na hayaachii ni hospitali siku hiyo hiyo, maana kongosho huweza kuvimba.

Kuna pia wanaoichukulia kama chanjo: unachoma miezi mitatu, unapona. Nchi hii ina historia na jambo hili. Mwaka 2011 watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, wakapanga foleni ya magari kwa siku nyingi ili kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwemo katika magonjwa yaliyosemwa kinaponywa. Shilingi 500 hazikumuumiza mtu. Waliumia walioacha insulini na vidonge vyao njiani. Kalamu ya wiki ni sayansi ya kweli, na Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari cha aina ya pili walio na ugonjwa wa moyo au figo pamoja na unene uliokithiri. Lakini anayeitumia kwa akili ya kikombe atapata matokeo ya kikombe. Ukiacha, sukari inarudi. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiibadilishe na insulini hata kwa wiki moja, kwani mwili wake hauna insulini ya kusukumwa itoke.

Kupungua uzito nako kusikufurahishe bila kufikiri. Utafiti uliofanyika hapa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta asilimia 16.7 ya wagonjwa wa kifua kikuu wana kisukari, dhidi ya asilimia 9.4 ya waliolinganishwa nao wasio na kifua kikuu. Magonjwa haya mawili hutembea pamoja. Mwenye kisukari anayekonda huku anakohoa na kutoka jasho usiku akapime makohozi kwanza, halafu ndipo aisifu sindano.

Mpango wangu ulikuwa kuifuata kalamu kwa utaratibu: kuihifadhi, kuichoma, kuitupa. Tuingie kwenye kuhifadhi.

Kalamu ambayo haijaanza kutumika inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Kalamu ya semaglutaidi iliyokwisha kuanzwa inaruhusiwa kukaa nje ya friji isipozidi nyuzi 30, kwa wiki 6 au 8 kutegemea karatasi iliyomo kwenye pakiti yako. Kalamu ya dozi nne ukiianza Jumapili, dozi ya mwisho ni siku ya 22. Yaani utaimaliza kabla muda wake haujaisha. Mtu mwenye kalamu moja iliyoanzwa, anayeishi penye kivuli, hana haja ya kuhangaikia friji. Dulaglutaidi, dawa nyingine ya wiki ya kundi hili, ni tofauti: kila kalamu ni ya dozi moja, na nje ya friji haivuki siku 14.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida kivulini hucheza kwenye nyuzi 27 hadi 29. Dar es Salaam ingekuwa kesi nyingine. Lakini hiyo ni hewa ya kivulini. Chumba cha bati kisicho na dari huko Mabatini au Igogo saa nane mchana si kivuli, na mawe yale makubwa yanayozunguka nyumba hunywa jua kutwa na kulirudisha usiku. Kwenye gari lililofungwa vioo pale stendi ya Nyegezi ni vibaya zaidi. Nunua kipimajoto cha ukutani, kitundike palipo na dawa, kisome saa nane. Namba itakuambia zaidi ya jirani.

Hapa ndipo mtungi unapoingia, na naomba msomaji anivumilie. Mtungi wa udongo wenye maji hupoa kwa sababu maji yanayopenya ukutani yanapokauka huondoka na joto. Mohammed Bah Abba wa Nigeria aliirudisha mbinu hii ya kale miaka ya 1990 kwa vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa. Wagonjwa wa insulini wameitumia katika nchi nyingi. Wanaoidharau husema ni ya kishamba. Wanaoitukuza husema ni friji. Wote wamekosea, na hesabu ndiyo hakimu. Mtungi hauwezi kupoa chini ya kiwango ambacho unyevu wa hewa unaruhusu. Agosti, hewa ya Mwanza ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 45, mwisho wake ni karibu nyuzi 20. Masika, hewa ikiwa nyuzi 26 na unyevu asilimia 80, hautashuka chini ya 23. Hali zote mbili ziko chini ya 30, kwa hiyo mtungi unatosha kabisa kwa kalamu iliyoanzwa. Na hali zote mbili ziko mbali na 8, kwa hiyo mtungi si mahali pa akiba ya miezi mitatu. Uweke kivulini penye upepo, kalamu ndani ya mfuko usiopitisha maji, mchanga usikauke. Ukiuweka ndani ya kabati lililofungwa umeua kazi yake, kwani maji hayana pa kukaukia.

Kuhusu joto kuna utafiti ninaoupenda. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga joto hilo maabara kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha insulini imebaki na nguvu yake. Ni habari njema kwa maskini, kwani mgonjwa wa kambini aliweza kuchomea nyumbani badala ya kwenda zahanati kila siku. Lakini insulini ile si semaglutaidi, na matokeo ya moja hayahamishiwi kwa nyingine eti kwa sababu zote ni sindano za kisukari.

Joto basi lina nafasi ya kuvumiliwa kidogo. Kuganda hakuna. Mzee mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliniletea kalamu kwa fahari.

"Shikamoo mzee. Umeisafirishaje?"

"Marahaba. Kwenye barafu, mwanangu, humo humo na sato. Haijaona joto hata kidogo."

Barafu ya Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, imetengenezwa kutunza samaki, nayo haibagui. Dawa ikigusana na barafu huganda, na iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama maji. Tulimtafutia nyingine. Ukisafiri kwa meli, funga kalamu kwa kanga mikunjo kadhaa, kisha ndiyo iwe karibu na barafu, isiiguse. Vivyo hivyo kwa friji ya duka la soda ya jirani: kama soda za nyuma huwa zinaganda, hapo si mahali pa dawa. Iweke mlangoni, au usiiweke.

Mtungi umeshamaliza nafasi ya kuchoma. Bahati nzuri, kuchoma ni rahisi. Tumbo, paja au mkono wa juu; badilisha sehemu kila wiki. Kama kalamu yako inafungwa sindano, funga mpya kila mara. Ikiwa ni kalamu mpya, jaribu kwanza mpaka tone litokee kwenye ncha. Choma, bonyeza hadi kaunta isome 0, hesabu polepole mpaka 6 kabla ya kuchomoa. Umesahau siku yako? Kwa semaglutaidi, ndani ya siku 5 choma unapokumbuka; zikipita, acha hadi siku yako ya kawaida. Kwa dulaglutaidi, choma kama zimebaki siku 3 au zaidi kabla ya dozi ijayo. Usichome mbili kufidia.

Mke na mume wasichangie kalamu, hata kwa sindano tofauti. Damu huweza kurudi ndani ya kalamu bila kuonekana, na virusi vya homa ya ini havijali cheti cha ndoa.

Ukiwa pia unameza glibenklamaidi au gliklazaidi, au unachoma insulini, daktari lazima ajue kabla ya dozi ya kwanza, kwani huenda akapunguza hizo. Vinginevyo sukari itashuka hadi utetemeke jasho likutoke. Hapo kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari, upime tena baada ya dakika 15. Ukipangiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi: chakula hukawia tumboni kwako hata ukifunga.

Nina neno kwa wanaonunua "sindano ya kupunguza mwili" kwa picha za WhatsApp. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya kalamu bandia za Ozempic, jina la kibiashara la semaglutaidi, zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 nchini Austria watu walilazwa kwa sukari kushuka vibaya baada ya kutumia kalamu bandia, na dalili zilionyesha kilichokuwemo ni insulini. Mtu asiye na kisukari, anayetaka kiuno tu, akijichoma insulini usiku peke yake anaweza asiamke. Kalamu isiyo na namba ya toleo, yenye lebo inayobanduka au iliyopita mikononi mwa muuza vipodozi, usiichome. Ipeleke TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; wana ofisi ya kanda hapa Mwanza.

Sindano iliyotumika isiende chooni, wala ziwani, wala kwenye kiroba cha taka ambacho waokota chupa hukipekua kwa mikono mitupu. Tafuta chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ile ya dawa ya kufulia. Iandike kwa kalamu ya wino "SINDANO", dumbukiza bila kurudishia kofia ndogo, na ikijaa robo tatu funga uipeleke kituo cha afya kwenye tanuri la kuchomea taka. Wakikataa kuipokea, muulize msimamizi wa kliniki ya kisukari. Wao hutupa sindano kila siku, na chupa yako haiwaongezei kitu.