Kutambua Sarafu za Mwigo za Kirumi: Somo la Kutazama Kabla ya Kuhukumu

Kosa moja linalotunyemelea sisi walimu wa Historia ni kuhukumu kabla ya kutazama. Mwanafunzi akionyeshwa kitu cha kale kisichopendeza, husema upesi kuwa ni kazi ya washenzi, na mwalimu naye huitikia. Katika makala haya nitalieleza kosa hilo kwa mfano wa sarafu ambazo wataalamu wa Ulaya waliziita "mwigo wa kishenzi". Kisha nitaonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kulifanya jambo hili kuwa somo.

Asili ya sarafu hizi

Mwaka 215 B.K. Kaisari Caracalla alitoa sarafu yenye picha ya mtawala aliyevaa taji la miali kama ya jua. Kwa ajili ya gharama za vita, madini ya fedha yaliyokuwamo yalipunguzwe mara kwa mara, hata kufikia mwaka 270 hivi sarafu hiyo ilikuwa karibu shaba tupu. Wakati huo Gaul, yaani Ufaransa ya leo na sehemu za jirani, pamoja na Uingereza, zilikuwa zimejitenga na Roma. Mwaka 274 Kaisari Aurelian alimshinda Tetricus, mtawala wa mwisho wa sehemu hizo, akatoa sarafu mpya iliyo bora zaidi. Lakini sarafu hiyo haikuenea vya kutosha huko, na watu walihitaji chenji ya sokoni. Basi wenyeji wakazidi kujipigia sarafu ndogo ndogo, wakiiga zile za Tetricus na za Victorinus aliyemtangulia.

Alama za kutambulia

(a) Ukubwa. Nyingi zina kipenyo kisichofika milimita 15. Baadhi hazifiki hata milimita 10.

(b) Maandishi. Herufi hukosewa, hugeuzwa, au huwa vijiti vitupu visivyosomeka.

(c) Picha. Uso huwa mistari michache, na miali ya taji hurefushwa kupita kiasi.

(d) Kutolingana kwa pande mbili. Kwa mfano, upande mmoja huwa na kichwa cha Tetricus, na wa pili madhabahu ya kumwadhimisha Claudius II, aliyefariki mwaka 270.

Hapa tahadhari inahitajika. Sarafu iliyochakaa si lazima iwe ya mwigo. Herufi iliyochakaa imefifia, lakini umbo lake lilikuwa sahihi. Herufi ya mwigo yaweza kuonekana wazi kabisa na bado isiwe na maana. Tena, viwanda vya Tetricus mwenyewe vilifanya kazi kwa haraka. Kwa hiyo usikate shauri kwa alama moja tu. Zikusanye kadhaa, uzipime pamoja.

Jinsi ya kufundisha

Huna haja ya sarafu ya Kirumi. Mwanafunzi wa kwanza katika kila safu aweke karatasi juu ya sarafu yetu ya kawaida, aisugue kwa penseli mpaka picha itokee. Wa pili achore kwa kuitazama karatasi hiyo tu, wa tatu achore kwa kuutazama mchoro wa wa pili, na kuendelea hadi mwisho wa safu. Hakuna ruhusa ya kuiona sarafu yenyewe. Kisha michoro yote ibandikwe ukutani kwa taratibu, na mwalimu aulize: Ni kitu gani kilichobadilika kwanza? Herufi gani zimepotea? Je, aliyechora mwisho ni mjinga?

Swali la mwisho ndilo kiini cha somo. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba mwenzao alifuata kwa uaminifu alichopewa. Fundi wa Gaul asiyejua Kilatini, aliyeiga sarafu iliyokwisha kuigwa, alikuwa katika hali hiyo hiyo.

Hitimisho

Waliopiga sarafu hizi hawakuwa wavamizi kutoka nje. Wengi wao walikuwa raia wa kawaida ndani ya Dola ya Kirumi. Sarafu zao zimefukuliwa zikiwa zimechanganyika na sarafu halali katika akiba zilizofichwa ardhini, ishara kwamba watu walizipokea na kuziweka. Neno "mshenzi" twalijua vizuri katika lugha yetu: mara nyingi humweleza asemaye kuliko asemwaye. Mwalimu atakayewazoeza watoto kuuliza "kwa nini kilifanywa hivi?" kabla ya kusema "ni kibaya", atakuwa amewafundisha Historia.