Maiti Ile Mezani ni ya Nani?

Dokta anayekupasua tumbo alijifunza wapi mahali mishipa inapopita? Katika kitabu, ndiyo. Lakini kitabu hakitoshi, kwa maana watu hawalingani: mshipa wa huyu unapita juu, wa yule unapita chini. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa udaktari husomea maiti. Hutiwa dawa ya formalini katika mshipa mkubwa isioze, nao huikalia miezi mingi, wakifunua ngozi, misuli, moyo na figo.

Je, maiti ile ni ya nani? Katika vyuo vingi vya Afrika, na Kenya pia, nyingi ni za watu waliokufa na kukosa ndugu wa kuwachukua. Maskini, mgeni, mzee aliyesahauliwa. Hakuna aliyewauliza walipokuwa hai. Jambo hili si zuri, nasema bila kuficha. Mwaka 2012 shirikisho la vyama vya anatomia ulimwenguni lilishauri kwamba miili itoke kwa watu waliokubali wenyewe kwa maandishi.

Lakini nani atakubali? Walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwauliza wanafunzi wao, wakatoa majibu mwaka 2016. Ungefikiri mwanafunzi akiizoea meza ile atasema, "Mimi nikifa, chukueni na wangu." Haikuwa hivyo. Kupasua mara nyingi hakukugeuza mawazo yao juu ya kujitoa. Tusiwacheke. Wao nao wana mama nyumbani, na mama anataka kaburi la kulilia.

Tena hofu hii ina mizizi. Wazee wetu walisimulia habari za mitumbula wanaokamata watu usiku. Huko pwani walisema mumiani. Aliyekua na hadithi hizo, ukimwambia "toa mwili wako," anasikia neno jingine kabisa. Wala Wazungu hawakuwa safi. Mjini Edinburgh, mwaka 1828, ilijulikana kwamba Burke na Hare waliua watu 16 na kuuza maiti zao kwa mwalimu wa anatomia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 ilikomesha biashara hiyo, lakini iliwapa madokta maiti za maskini wasiodaiwa na mtu.

Mkristo mwingine ataniuliza: Nikikatwa vipande, nitafufukaje? Basi nami nimwulize: ni wangapi wamezama katika Ziwa Tanganyika wasionekane tena? Hatusemi kwamba Mungu amewapoteza.

Katika nchi ya Thailand wanafunzi huita maiti waliyopewa "mwalimu mkubwa," na mwisho wa masomo huiaga kwa ibada pamoja na jamaa zake. Nadhani heshima kama hiyo ingewagusa wanafunzi wetu kuliko maneno mengi ya darasani.

Kutoka Moba mpaka chuo cha udaktari Lubumbashi ni mbali, joto ni kali, na maiti haingoji. Lakini wengi wenu mna watoto na ndugu katika miji mikubwa. Mwenye kutaka kujitoa aulize chuo kwanza, kwa maana vyuo hukataa maiti nyingine, kama ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Aandike, atie sahihi mbele ya mashahidi. Na awaambie mke, watoto na wajomba mapema, wangali wanakula pamoja, maana siku ile wao ndio watakaoulizwa mlangoni pa chumba cha maiti.